Sungura, asali na nafsi tatu: jinsi ya kuwachambua wahusika wa hadithi ya watoto kwa nadharia ya Freud

Mpe mwanafunzi wa fasihi hadithi ya Sungura na Simba, mwambie aichambue kwa nadharia ya Freud, na aghalabu atakurudishia jedwali la safu tatu. Sungura ni idi. Kobe ni ego. Simba ni supaego. Mistari imepigwa kwa rula, majina yamekaa mahali pake, na ukishalisoma hujui lolote kuhusu Sungura ambalo hukulijua ulipokuwa na miaka mitano.

Nimesahihisha majedwali ya namna hiyo kwa miaka mingi. Siwalaumu wanafunzi. Ndivyo nadharia inavyofundishwa, kana kwamba ni kabati lenye droo tatu na kazi ya mhakiki ni kumtia kila mnyama kwenye droo yake. Mwongozo huu unapita njia nyingine. Nitashika hadithi moja tangu mwanzo hadi mwisho ili uone kila hatua inavyofanyika, kisha wewe utaipeleka njia hiyo kwenye hadithi yako.

Hatua ya 1: Yaweke maneno ya Freud katika Kiswahili unachokisema

Sigmund Freud alikuwa daktari wa mishipa ya fahamu mjini Vienna. Mwaka 1923 alichapisha kitabu kidogo ambamo aliigawa nafsi ya mtu sehemu tatu, na majina aliyozipa yalikuwa maneno ya kawaida ya Kijerumani: Es, yaani "kile", Ich, yaani "mimi", na Über-Ich, yaani "mimi wa juu". Waliomtafsiri kwa Kiingereza ndio walioleta Kilatini, na Kilatini hicho ndicho kilichotufikia sisi kama idi, ego na supaego. Kulijua hili kunasaidia, maana linatuonyesha kwamba alikuwa anazungumzia mambo ambayo yeyote anayelea mtoto huyaona kila siku.

Kiswahili nacho kina maneno yake kwa mambo haya. Msikilize mtu anayekiri kwamba amekula vitumbua vilivyowekewa wageni: "Roho ilitaka, akili ikaniambia ngoja kwanza, nikala, na sasa nafsi inanisuta." Katika sentensi hiyo zimo zote tatu.

Idi ni ile roho inayotaka. Haijui kesho, haijui hapana, haijui mali ya mtu. Inafuata kanuni moja tu, kanuni ya raha: nipate sasa hivi. Ego ndiyo inayotazama dunia ilivyo na kutafuta njia. Inaweza kuahirisha, kuzunguka, kudanganya, kupiga hesabu. Supaego ni sauti ya wakubwa iliyohamia ndani ya mtoto: makatazo ya baba, jicho la bibi, maneno ya mwalimu. Kwetu sauti hiyo mara nyingi huja kwa umbo la methali. Mtu mzima aliyefiwa na wazazi wote wawili bado husikia "tamaa mbele, mauti nyuma" kila mkono unapokwenda pasipo pake.

Freud aliifananisha ego na mpanda farasi, farasi akiwa ni idi, akaongeza kwamba mara nyingi mpandaji huishia kumpeleka farasi kule ambako farasi mwenyewe anataka kwenda. Miaka kumi baadaye, mwaka 1933, alisema ego ni maskini anayetumikia mabwana watatu kwa pamoja: ulimwengu wa nje, supaego na idi. Shika picha hizi mbili, maana zitakufaa zaidi ya ufafanuzi wowote wa kukariri.

Na shika jambo moja zaidi. Sehemu hizi tatu zinaishi ndani ya mtu mmoja. Ukisema Sungura ni idi, umemnyima ego na supaego kabla hujamsikiliza. Ni kweli hadithi, kama ndoto, inaweza kuuchukua mvutano wa nafsi moja na kuwagawia wahusika watatu. Lakini hilo ni hitimisho la kulifikia mwishoni kwa ushahidi. Usianze nalo.

Hatua ya 2: Chagua toleo moja na uliandike

Hadithi za Sungura zina matoleo mengi kuliko vijiji. Jambo dogo linalobadilika kati ya msimulizi na msimulizi linaweza kuubomoa uchambuzi wako wote, kwa hiyo lazima useme unachambua lipi. Mimi natumia toleo la Unguja lililochapishwa kwa Kiingereza na George W. Bateman mjini Chicago mwaka 1901, kwa sababu linafanana na lile nililolelewa nalo na kwa sababu msomaji anaweza kulitafuta akalihakiki. Kama unatumia la bibi yako, mrekodi, kisha unakili neno kwa neno.

Kwa kifupi linakwenda hivi. Sungura anapita msituni, anatazama juu ya mbuyu mkubwa na kuona nyuki kwenye shimo la shina. Anarudi mjini kutafuta mwenzake. Panya Buku anamkaribisha ndani, Sungura anaketi na kusema: baba yangu amefariki, ameniachia mzinga wa asali, twende ukanisaidie kula. Wanapanda na majani makavu, wanawasha, wanawafukiza nyuki, wanazima moto na kuanza kula.

Mara Simba anatokea chini ya mti. "Nyie ni nani?" Sungura anamnong'oneza Buku anyamaze, mzee yule ana wazimu. Simba ananguruma tena. Buku anashikwa na hofu na kuropoka: "Ni sisi tu!" Hapo Sungura anamwambia mwenzake amfunge ndani ya majani, amwambie Simba asogee pembeni, kisha amtupe chini. Majani yanaanguka, Simba bado anatazama juu, Sungura anachomoka. Buku anashuka na kuliwa.

Siku tatu baadaye Sungura anakwenda kwa Kobe. Twende tukale asali. Kobe anauliza: "Asali ya nani?" Ya baba yangu. Wanapanda, Simba anakuja, Sungura anasema nyamaza. Kobe anakataa kunyamaza. Anashuku kwamba asali ni ya Simba. Sungura anaomba kufungwa tena kwenye majani. Kobe anamfunga, lakini anapomtupa anapiga kelele: "Sungura huyo anakuja!" Simba anamdaka. Sungura anamwambia nyama yake ni ngumu, bora amshike mkia, amzungushe na kumpiga chini ndipo ataweza kumla. Simba anamzungusha, Sungura anamponyoka. Kobe naye anamwambia Simba amweke kwenye tope amsugue mgongo mpaka gamba litoke, kisha anateleza na kutoweka, na Simba anasugua jiwe mpaka makucha yanatoka damu.

Simba anaitafuta nyumba ya Sungura, iliyo juu ya mlima, anaingia, anajificha. Sungura anarudi na mkewe, anaona alama za miguu njiani, anamsihi mkewe arudi. Mke anakataa, Sungura anashikilia, na mke anarudi. Kisha Sungura anasimama mbali kidogo na kuita: "Nyumba, hujambo?" Kimya. "Ajabu! Kila siku nyumba hii huniitikia." Simba, ndani, anaitikia. Sungura anacheka na kukimbia, Simba anamfukuza mpaka anachoka, na kurudi chini ya mbuyu wake akisema hana haja naye tena.

Sasa chukua daftari. Kwa kila mhusika andika matendo yake na maneno yake, kwa mpangilio, bila neno lolote la nadharia. Usipitishe hatua hii mbiombio, kwa kuwa zilizobaki zote zinaitegemea.

Hatua ya 3: Tafuta kinachotakwa, na uone kama anayekitaka anaweza kungoja

Hapa ndipo unapoiona idi. Uliza maswali mawili kwa kila mhusika: anataka nini, na je, anaweza kungoja?

Katika hadithi hii kila mtu anataka kuweka kitu mdomoni. Sungura, Buku na Kobe wanataka asali. Simba anataka nyama. Freud aliuita mwaka wa kwanza wa uhai kipindi cha mdomo, kipindi ambacho mtoto anaipata raha yote ya dunia kwa kunyonya na kutia kitu kinywani. Si ajabu mtoto wa miaka mitatu anaifuata hadithi hii akiwa amekodoa macho. Inazungumza na kitu anachokijua tangu alipokuwa ananyonya.

Idi ya Sungura utaiona wazi pale inaposemwa "siku tatu baadaye". Rafiki ameliwa chini ya mti ule ule. Mwenye asali anajulikana, hasira yake inajulikana. Na bado, siku tatu tu, Sungura yuko njiani tena. Hakuna akili inayompeleka pale. Kinachompeleka ni asali. Kama unaandika uchambuzi, mstari huo mmoja una uzito kuliko kurasa mbili za kueleza kwamba Sungura ana tamaa.

Hatua ya 4: Mfuate anayetoroka

Ego huonekana vizuri wakati wa hatari. Kwa hiyo kusanya kila tukio ambalo mhusika amebanwa, uone anafanya nini.

Sungura anabanwa mahali patatu. Mtini anatumia majani yale yale aliyoyapandisha kwa ajili ya kuwafukiza nyuki. Kilichokuwa nyenzo ya raha kinageuka nyenzo ya kuokoka. Mikononi mwa Simba hana chochote isipokuwa ulimi, na anautumia. Njiani kwake anasoma alama za miguu ardhini, na hapo ni ego tupu: anatazama dunia, anaiamini, anajizuia. Sungura aliyeshindwa kujizuia mbele ya asali anaweza kusimama hatua chache kutoka mlangoni kwake na kuusalimia ukuta kwanza. Hapo unapata hoja ambayo jedwali haliwezi kukupa: ujanja wa Sungura ni ego yenye nguvu sana inayomtumikia bwana mmoja tu. Ni yule mpanda farasi hodari ambaye farasi ndiye anayechagua njia.

Mlinganishe na Simba. Ana nguvu zote, na ego dhaifu kuliko wote. Mara mbili mateka wake anamfundisha namna ya kumwandaa ili aliwe, na mara mbili anatii, kwa sababu tumbo lake linasikia neno "kula" na haliendelei kusikiliza. Tazama mchezo wa nyumba. Kujificha kunahitaji kitu kimoja tu, kunyamaza, na kunyamaza ni kazi ya ego. Simba hawezi. Anaitaka nyama kiasi kwamba anaitikia salamu ya nyumba.

Buku naye? Ngurumo moja inatosha kumvunja. Anaropoka, kisha anatii kila anachoambiwa, na kwa mikono yake anamfunga majani mtu anayemwacha afe. Usimdharau kwa sababu hadithi imempitia haraka. Yeye ndiye pekee anayekufa, na tutarudi kwake.

Kobe ndiye mgumu zaidi, na ndiye ninayempenda. "Asali ya nani?" ni swali fupi, lakini ni mara ya kwanza katika hadithi mtu anaitazama raha na kuiuliza kitu. Hata hivyo Kobe si mtakatifu. Alipoambiwa ni ya baba, alifurahi akaenda. Na alipogundua hila, alilipa hila kwa hila. Mwanafunzi anayemwita Kobe "ego" amepatia nusu. Nusu nyingine inahitaji hatua inayofuata.

Hatua ya 5: Itafute supaego, na ukubali kama huioni

Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Kwa kuwa nadharia ina sehemu tatu, mwanafunzi huona lazima ampate mtu wa tatu, na Simba, kwa kuwa anakataza na kuadhibu, hupewa kiti.

Tofautisha mambo mawili ambayo Freud mwenyewe aliyatofautisha waziwazi mwaka 1930. Kuna hofu ya mkubwa aliye nje yako, na kuna hofu ya supaego iliyo ndani yako. Mtoto mdogo anaacha kuiba sukari kwa sababu mama yuko jikoni. Mama akitoka, anaiba. Hiyo bado si dhamiri. Dhamiri ipo pale anapojisuta jikoni hamna mtu. Simba ni mama aliye jikoni. Ni mwenye mali, ana meno. Hakuna dalili hata moja kwamba sauti yake imeingia ndani ya Sungura. Baada ya kifo cha Buku, Sungura hamtaji tena, hata kwa neno moja.

Kuna hadithi ambazo supaego imepewa mwili, na ukiijua moja utaona tofauti. Katika kisa cha Pinocchio alichokiandika Carlo Collodi wa Italia, kilichotoka gazetini kuanzia 1881 na kuwa kitabu 1883, yupo Chenene anayesema, anayemwonya yule mtoto wa mbao mapema kabisa. Pinocchio anamrushia nyundo ya mbao, anamuua papo hapo ukutani. Baadaye, usiku, Chenene anamrudia kama kivuli na kumwonya tena. Ndivyo supaego ilivyo: ukiiua, inarudi, na mara hii huna pa kuirushia nyundo. Kwenye mbuyu wetu hakuna kiumbe wa namna hiyo.

Kuna nyufa mbili tu ambamo mwanga mdogo unapenya. Ya kwanza ni ule uongo wa urithi. Sungura angeweza kusema "nimeona asali", akanyamaza. Badala yake anatengeneza haki: baba, kifo, urithi. Anajua kwamba mali inapaswa kuwa na mwenyewe, na anajua Buku na Kobe wanalijua hilo. Sheria ipo, ila kwake ni kitu cha kuwadanganyia wengine. Ya pili ni mkewe. Anapoziona alama za Simba, jambo la kwanza analofanya ni kumrudisha. Mtu yule yule aliyemwacha Buku mtini hakubali mkewe aende naye hatua moja zaidi. Ukitaka kuandika kwamba Sungura amekua kidogo kati ya mbuyu na mlimani, ushahidi wako ni huo.

Na Kobe? "Nitasema," anasisitiza pale alipoambiwa anyamaze, kwa sababu asali si ya yule aliyedai. Hapo nakubali kuona chembe ya supaego. Andika "chembe". Usiandike zaidi.

Hatua ya 6: Angalia jinsi nafsi inavyojihami

Ego ikizidiwa huwa na mbinu zake za kujihami. Anna Freud, binti yake Sigmund, ndiye aliyezikusanya na kuzipanga katika kitabu cha mwaka 1936. Hadithi za watoto zimejaa mbinu hizi kwa sababu watoto wenyewe huzitumia wazi, bila aibu.

"Mzee yule ana wazimu." Simba yuko chini, ananguruma, na jibu la Sungura ni kumpunguza awe mtu wa kupuuzwa. Huko ni kukana: hatari ipo, lakini nikiipa jina jingine haitaniuma. Linganisha na mtoto anayefumba macho ili usimwone.

Mwishoni Simba, amechoka, hajala, makucha yamechubuka, anasema hana haja tena na Sungura. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kufundishwa hapa. Ni "sizitaki mbichi hizi". Kushindwa kumegeuzwa kuwa uamuzi.

Lakini jizuie. Neno "Ni sisi tu!" la Buku wengi hulikimbilia na kuliita mteleziko wa ulimi wa Kifreud, kile anachokisema mtu bila kukusudia kwa sababu ung'amuzi bwete, yaani ile sehemu ya nafsi asiyoitambua mwenyewe, umemponyoka. Hapana. Buku ameogopa, ameulizwa, amejibu. Mteleziko ni pale mtu anapokusudia neno moja na kutoka jingine. Mtu akitumia nadharia kueleza kila kitu, haielezi chochote, na mwalimu anayesahihisha analiona hilo kwenye ukurasa wa kwanza.

Hatua ya 7: Kuhusu baba, nenda taratibu

"Baba yangu amefariki, ameniachia asali." Halafu asali inakuwa na mwenyewe, mkubwa, mwenye sauti nzito, anayerudi akiwa hai na hasira. Mtu yeyote aliyesoma Freud mkono unamwasha: huu ni mgogoro wa Edipo, yaani ule uhasama wa siri wa mtoto dhidi ya baba yake, mtoto amemuua baba kwa maneno ili aichukue raha yake, na baba amerudi. Freud aliwahi kumsoma hivyo mtoto wa miaka mitano aliyeogopa farasi, katika kisa alichokichapisha mwaka 1909: nyuma ya farasi aliona hofu ya baba.

Usomaji huu unavutia na una ushahidi: uongo unarudiwa mara mbili, na mara zote mbili ni baba. Lakini uweke kama pendekezo. Mwaka 1927 mwanaanthropolojia Bronisław Malinowski, aliyeishi na watu wa visiwa vya Trobriand karibu na Guinea Mpya, alionyesha kwamba katika jamii inayofuata ukoo wa mama, mwenye amri juu ya mtoto ni mjomba, na mvutano wa kijana huelekea huko, si kwa baba. Hili linatuhusu moja kwa moja. Wamakonde na Wayao ni miongoni mwa jamii zetu zilizofuata ukoo wa mama, na urithi pamoja na mamlaka ya mjomba ulikuwa na njia yake. Kama toleo lako la hadithi linatoka katika jamii ya namna hiyo na Sungura anasema "asali ya mjomba wangu", usimbadilishe awe baba ili Freud afurahi. Andika mjomba, kisha ufikiri upya.

Kanuni yangu ni hii: kabla sijatamka neno Edipo natafuta sehemu tatu tofauti ndani ya hadithi zinazonisukuma huko. Hapa nina mbili, zile kauli mbili za urithi. Kwa hiyo naandika "huenda".

Hatua ya 8: Andika aya, na aya ianze na tendo

Anza na kitu kilichotendeka, kisha dhana, kisha pingamizi. Mfano:

"Siku tatu baada ya Buku kuliwa, Sungura anarudi kwenye mbuyu ule ule. Marudio haya yanaonyesha kwamba idi ndiyo inayoamua safari, kwa kuwa hakuna hesabu ya hatari ambayo ingemruhusu kurudi. Hata hivyo, namna anavyorudi, akiwa na mwenzake wa kumsukumia hatari na uongo uliokwisha kufaulu, ni kazi ya ego. Kwa hiyo Sungura hawezi kuelezwa kwa dhana moja: tamaa yake ni ya mtoto mchanga, mbinu zake ni za mtu mzima, na kati ya hizo mbili hakuna sauti inayomsuta."

Aya hiyo ina istilahi mbili tu. Inatosha. Ukihitaji tano katika aya moja, inawezekana hujajua unataka kusema nini.

Epuka kumpima msimulizi ("bibi alikuwa na mgogoro wa nafsi") na epuka kumpima mtoto anayesikiliza. Huu ni uhakiki wa fasihi, sisi si matabibu. Na kama mtahini atakuuliza udhaifu wa nadharia, mjibu kwa mfano wa Malinowski, usimjibu kwa kukariri orodha.

Hatua ya 9: Simulia tena, mbele ya mtoto, uone anakukatiza wapi

Wengi huiacha hatua hii kwa kuwa haimo kwenye silabasi. Mimi naiona ni ya lazima. Hadithi ya watoto haijakamilika bila mtoto, na ile supaego uliyoikosa juu ya mbuyu huenda imekaa kwenye mkeka. Simulia kwa "Paukwa!" na "Pakawa!", toleo lile lile uliloliandika. Akikukatiza, usimjibu haraka. Andika neno lake na mahali alipokukatiza.

Mpwa wangu ana miaka sita. Jioni moja tulikuwa tunachambua maharage, ungo katikati yetu, mimi nasimulia, yeye anatoa vijiwe na kuvipanga sakafuni. Alicheka Simba alipoitikia salamu. Alicheka makucha yaliposugua jiwe. Hadithi ilipoisha alikuwa bado ameshika kijiwe kimoja, hajakiweka chini.

"Nani alikwenda kumwambia mama yake Buku?"

Nikamwambia hadithi haisemi.

Akakitazama kile kijiwe. "Sungura angekwenda," akasema. "Kwao anapajua. Si walimkaribisha ndani?"